Fagia kwanza, ndo umfundishe kupiga

Nawaandikia nyie mnaoanza, walimu wa michezo na vijana wa kujitolea mliokabidhiwa timu ya besiboli ya shule huku Dodoma na hamjui mfanye nini na yule mtoto mmoja ambaye kila akisimama kupiga anarudi kichwa chini. Kila timu anaye. Mi nimekaa na hawa watoto miaka kadhaa, sio kwamba ni mtaalamu, ila makosa nimeyafanya mengi na mengine nimeyarudia, kwa hiyo chukueni hayo yawasaidie.

Kabla sijaendelea tuelewane jina. Kile kifaa cha kupigia sisi tunaita rungu. Ukisema gongo mbele ya wazazi wanadhani umeingiza kinywaji shuleni, ukisema bati hilo ni la kuezekea, ukisema beti vijana wote wanatoa simu kuangalia mkeka umechanika au vipi. Rungu, basi, Ugogoni hapa hamna asiyeelewa.

Sasa huyo dogo aliyeniumiza kichwa alikuwa na miaka 13, mrefu, anarusha vizuri, mbio balaa, ila kupiga hamna kitu. Straiki tatu, yaani mipira mitatu mizuri ameikosa, nje. Kesho yake straiki tatu, nje. Nikaanza kumtengeneza. Jumatatu nikambadilisha anavyoshika rungu, Jumatano nikamwambia apanue miguu, Ijumaa nikamwambia kiwiko cha nyuma kikae juu manake nilikuwa nimeona video usiku, wiki iliyofuata nikaona video nyingine nikamwambia kiwiko kishuke. Baada ya wiki mbili mtoto hata mpira wa kurushiwa polepole kwa chini anaukosa. Akaniangalia akasema, "Kocha, samahani, sasa mi nifate lipi?" Sikuwa na jibu, nikamwambia akanywe maji.

Kilichonitoa ni vumbi. Uwanja wetu hauna nyasi, ni udongo mwekundu mtupu, na siku moja mtoto mmoja alifagia pale pa kupigia kwa mfagio wa chelewa kwa sababu ya miba. Dogo akaja, akarushiwa mipira kumi, akakosa yote kama kawaida, akaondoka. Nikainama kuokota mpira nikaona alama. Mguu wa nyuma umechimba kashimo kamoja kazuri tu, hauna shida. Mguu wa mbele, wa kushoto kwa sababu anapigia kulia, nyayo zote zimechepuka kuelekea besi ya tatu, kile kituo cha kukimbilia upande wa kushoto, mbali na hom, lile bamba la pale pa kupigia, hata moja haijaenda kwa mrushaji. Yaani kila mpira ukija mtoto anaondoka, mikono imebaki inapiga lakini mwenyewe ameshakwenda kwao.

Nikakaa pale kama mtu anayesoma nyayo za fisi zizini. Mguu ukitoka hivyo nyonga inafunguka mapema, bega linavutwa, kichwa kinageuka, na kichwa kikishageuka macho hayapo tena kwenye mpira, sasa hapo umrekebishe kiwiko kitasaidia nini? Na muda wenyewe ni mdogo. Kwa wakubwa mrushaji anasimama mita 18.44 kutoka hom, na mpira wa kilomita 145 kwa saa, ule wa ligi kuu ya Marekani, unafika kwa kama sekunde 0.4. Watoto tunawasogeza, mita 14 hivi, wanarusha taratibu zaidi, ila mpigaji bado anabaki na kama nusu sekunde na kidogo ya kuona, kuamua na kupiga. Hiyo nusu sekunde ukiitumia kukimbia, imekwisha.

Kwa hiyo kazi yenu ya kwanza ni ufagio. Fagia, mwite mtoto, arushiwe mipira kumi, we nyamaza kimya, akitoka soma chini. Huku kwetu vumbi ni kamera ya bure. Utaona anayechepuka kama huyu wangu, utaona anayepiga hatua ndefu mno mpaka anakaa chini kama mtu anayeruka mtaro, utaona ambaye mguu wa nyuma haujazunguka hata kidogo, maana yake anapiga kwa mikono peke yake.

Nikamuuliza dogo mbona anakimbia mpira. Niliuliza mbele ya wenzake, kosa lingine hilo, akasema kwa sauti hakimbii chochote. Jioni tunarudi njia ya Nzuguni wawili tu, akapandisha shati. Mwezi uliopita, siku ambayo sikuwepo, alipigwa na mpira mgumu mbavuni. Ule mpira ni gramu 142 hadi 149, unasikika mdogo, lakini ni jiwe lililovalishwa ngozi. Hakusema kwa mtu kwa sababu aliogopa kuonekana muoga, na mi wiki mbili nzima namhangaikia viwiko.

Dawa nilipewa na wasichana wetu bila wao kujua. Wao hawachepuki, nikajiuliza kwa nini, mpaka nikawaona mapumziko wanacheza rede. We fikiria, binti yuko katikati anajaza mchanga kwenye chupa, wawili wanamrushia mpira wa soksi kutoka pande mbili, na hakurupuki. Haangalii mpira ukiwa hewani tu, anaangalia mkono wa anayerusha, anajua unatoka lini na unaelekea wapi, halafu anasogea kidogo tu panapohitajika. Hicho ndo mpigaji anatakiwa kufanya. Nikamuingiza dogo kwenye rede mchana siku tatu. Wavulana walicheka siku ya kwanza, nikawaingiza na wao, dakika moja hamna aliyebaki katikati, kicheko kikaisha.

Baada ya hapo nikamfundisha kupigwa. Ndiyo, kupigwa, na msiruke hii. Mtoto asiyefundishwa akiona mpira unamjia anafungua kifua, anaupokea kwa mbele. Anatakiwa ageuke upande wa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, ampe mrushaji mgongo, kidevu kifuani, rungu lishuke chini. Tunafanya na mpira wa soksi, namrushia makusudi mgongoni, anageuka, unampiga paf, anacheka. Wakishacheka mara tano hivi ule woga unapungua wenyewe. Kutoka soksi tunaenda mpira wa tenisi, na mpira mgumu unarudi nyayo zikishanyooka, hata kama ni baada ya mwezi, na helmeti kichwani muda wote hata kama ni ya kupokezana. Usikubali presha ya mtu anayekwambia mtoto atazoea tu. Hazoei, anajificha tu.

Kwa huo mguu wenyewe, chora mstari kwenye vumbi kuelekea kwa mrushaji, mguu wa mbele utue juu yake, hatua fupi, ya kama unakanyaga yai hutaki lipasuke, na utue kabla mpira haujafika. Wengine wanaweka tofali nyuma ya mguu, mi niliweka, mtoto akateguka kifundo, msiweke.

Halafu macho. Chukua mipira ya tenisi, paka doa la rangi ya kucha, mengine mekundu mengine ya bluu (niliiba ya mke wangu, aligundua, tulimalizana). Mtoto anasimama na rungu begani, hapigi, anataja rangi tu kabla mpira haujapita. Mwanzoni anabahatisha. Baadaye anaanza kutaja mapema, na hapo ujue ameanza kuuona kutoka mkononi.

Mambo ya mikono sasa, haraka haraka. Rungu zito ni ugonjwa wa timu zetu kwa sababu tunatumia la msaada lililopo, liwe la mtu mzima liwe la nani. Mwambie alishike kwa mkono mmoja, alinyooshe pembeni usawa wa bega, hesabu taratibu mpaka ishirini, mkono ukitetemeka au ukishuka hilo sio lake. Akikosa jingine ashike juu kidogo, asione aibu. Kushika ni kwa vidole sio kiganja, na vile vifundo vya vidole unavyobishia hodi mlangoni vya mikono yote miwili vikae mstari mmoja, ukisema hodi wanaelewa siku hiyo hiyo. Kupiga, watoto wetu wengi wanatoka nyumba za uwele na mtama, rungu wanalishusha kutoka juu kama wanapura. Usiwacheke, ni mazoea ya kazi. Waambie wakumbuke shoka unapokata mti uliosimama, sio kuni iliyolala, unaanza na nyonga, mikono inakuja nyuma yake.

Vifaa visiwazuie. Kipande cha bomba la plastiki kwenye ndoo ya mchanga, juu umechomeka mpira wa hosi, hapo una stendi ya kuwekea mpira, mtoto anapiga ukiwa umetulia. Na vizibo vya madumu ya maji, kule Jamhuri ya Dominika watoto wanacheza mchezo kamili wa kupiga vizibo kwa mti wa fagio, na ndo nchi inayotoa wachezaji wengi kwenda Marekani. Kizibo kinapinda hewani vibaya mno, ukikipiga hicho mpira unauona mkubwa kama chungwa. Ila fanyeni asubuhi, mwezi wa saba na wa nane upepo wa Dodoma ukianza mchana vizibo vyote mtaviokotea kwa jirani.

Na mdomo. Mtoto akisimama kupiga, mmoja anapiga kelele angalia mpira, mwingine shusha bega, baba yake naye nje ya uzio anasema tulia, dogo kichwani kuna mkutano. Mpe neno moja, la wiki nzima. Huyu wangu neno lake lilikuwa "mstari", basi. Wazazi waelewesheni hesabu ya huu mchezo kwa sababu wanatoka kwenye mpira wa miguu, wanaona kukosa mara mbili kati ya tatu ni aibu. Yule Mjapani Ichiro Suzuki mwaka 2004 alipiga vizuri mara 262, rekodi ya ligi kuu ya Marekani kwa msimu mmoja, na alisimama kupiga mara 704 kwenye hesabu hiyo. Zilizobaki karibu zote alirudi kukaa benchi kama dogo tu. Mzee mmoja nilimwambia hivyo akatafakari akasema, kumbe ni kama kulima huku kwetu.

Dogo alipiga mpira wake wa kwanza wa maana wiki ya sita, wa chini, hauna nguvu, ukaviringika kati ya besi ya kwanza na ya pili. Akabaki amesimama anauangalia, tukapiga kelele kimbia, akakimbilia besi ya tatu badala ya ya kwanza. Hilo nalo tukalifanyia mazoezi.

Mpaka leo akikutana na mrushaji mkubwa mguu unamtoroka, nyayo mbili tatu kati ya kumi. Anajisomea mwenyewe siku hizi. Akimaliza anainama, anaangalia chini, akiona zilizochepuka anazifuta kwa kiatu kabla sijafika.