Bodaboda nisiyemwamini yupo

SWALI: Shikamoo, mzee. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari huku Masaka. Juma lililopita ulizuka ubishi katika chumba cha walimu ambao haukwisha hata kengele ilipolia. Mwalimu wa fizikia alisema kwamba yeye si mkana Mungu, ila haamini tu. Mwalimu wa historia akamjibu kwamba hayo ni mamoja, na kwamba yeye mwenyewe anasema wazi kuwa Mungu hayupo na haoni haya kuitwa mkana Mungu. Mwingine akauliza: ikiwa kutoamini ndiko kukana, mtoto mchanga naye tumwite mkana Mungu? Naibu mkuu wa shule akafunga mjadala kwa kusema kwamba wote hao ni wapagani, sawa na yule mzee jirani yetu anayechinja kuku kwenye essabo, kibanda chake cha mizimu, kwa sababu hawamwamini Mungu. Mkana Mungu hasa ni nani?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Ningeweza kuwapanga watu wako katika aya mbili, kila mmoja na jina lake, kisha nikaenda zangu kunywa chai. Lakini umeninukulia sentensi ya naibu mkuu wako, na ndani ya sentensi hiyo kimo kiambishi kimoja ambacho kimenikera kwa miaka mingi mno, nami siwezi kukipita kana kwamba sikukiona. Ni hicho -mw- kilichojibanza katikati ya “hawamwamini”. Mwezi huu huu nimemsikia mtangazaji mmoja wa redio akimweleza msomi fulani wa ng'ambo hivi: “Profesa huyu ni mpagani kwa sababu hamwamini Mungu.” Maneno manane, makosa mawili, na sauti ya mtu mwenye uhakika wa kutosha kuhukumu kesi.

Katika steji iliyo karibu na nyumbani kwangu Ntinda kuna kijana wa bodaboda ambaye simwamini. Breki zake hulia kama mbuzi anayeburutwa kwenda sokoni. Dakika zake tano huwa arobaini. Na nauli tuliyopatana tukiwa Ntinda huwa imeota mbawa tufikapo Wandegeya. Nikimwambia mke wangu, “Kijana yule simwamini,” hanijibu kwa kunithibitishia kwamba kijana yupo, wala hatoki nje kumtafuta ili anionyeshe kwa kidole. Anajua kwamba kijana yupo, mimi najua kwamba yupo, na kuwapo kwake ndiko kunakonifanya nisimwamini. Angekuwa hayupo, kofia yangu ingekuwa salama.

Hiyo ndiyo kazi ya kumwamini mtu: kumtegemea, kumkabidhi kitu, kulala usingizi ilhali funguo zako ziko kwake. Mzizi wake wa Kiarabu ndio uliotupa pia imani, amana na uaminifu, na amana haiwekwi hewani, huwekwa mikononi mwa mtu. Kwa hiyo anayesema “simwamini Mungu” amesema, kwa Kiswahili kinyoofu, kwamba Mungu yupo lakini yeye hana imani naye. Huenda aliomba mvua akapewa mafuriko. Mtu wa namna hiyo ana ugomvi na Mungu, na ugomvi hauwezekani pasipo watu wawili. Kumwita mkana Mungu ni sawa na kusema kwamba mimi, kwa kuogopa breki za yule kijana, nimefuta bodaboda zote za Kampala.

Naibu mkuu wako, ambaye bila shaka huikiri Kanuni ya Imani kila Jumapili, na aufungue Waraka wa Yakobo, sura ya 2, aya ya 19. Yakobo anamwambia msomaji wake kwamba anaamini ya kuwa Mungu ni mmoja, naye afanya vema, kisha anamwaga maji baridi: “Mashetani nao waamini na kutetemeka.” Tazama jinsi mfasiri alivyopima maneno yake. Mashetani wanaamini ya kuwa. Hawakusemwa kwamba wanamwamini. Hawana shaka hata chembe juu ya kuwapo kwa Mungu, wala hawamtegemei kwa lolote. Tukifuata kipimo cha naibu mkuu, kwamba mkana Mungu ni yeyote asiyemwamini, basi ibilisi mwenyewe ni mkana Mungu, na jehanamu yote imejaa watu wasioamini kwamba kuna aliyewatupa humo.

Najua nitakavyojibiwa, kwa maana nimejibiwa hivyo mara nyingi. Nitaambiwa kwamba sarufi inadai kiambishi hicho: husemi “nimeona mwalimu”, wasema “nimemwona mwalimu”, na Mungu naye yumo katika ngeli ya watu, kwa hiyo sharti awe na -mw- yake. Pingamizi hilo ni la haki, na jibu lake liko midomoni mwa watoto wetu. Mwulize mtoto wa Masaka kama anaamini wachawi. Akisema “siamini wachawi”, ana maana kwamba hadithi hizo kwake ni porojo. Akisema “siwaamini wachawi”, ana maana kwamba wachawi wapo na kwamba ni heri usile chakula chao. Wachawi ni wa ngeli ile ile ya watu, na bado sentensi hizo mbili zimeachana njia kwa silabi moja. Kwa hiyo “haamini Mungu”, ingawa sikio langu la kizee hulipokea kwa kukunja uso, nalivumilia katika mazungumzo, kwa sababu angalau limejaribu kusema jambo lenyewe. Katika maandishi, mwandishi aandike kwa ukamilifu: haamini kuwa Mungu yupo.

Wala tusikisingizie Kiganda, kama tulivyozoea kufanya kila Kiswahili chetu kinapochechemea. Kiganda kina okwesiga kwa kumtegemea mtu, na okukkiriza kwa kukubali kwamba jambo ni kweli. Mganda ana vitenzi viwili, Mswahili ana kimoja chenye kiambishi cha kumwelekeza, na wote wawili wana njia ya kusema wanachokusudia. Anayekosea amekosea mwenyewe.

Sasa turudi chumbani kwa walimu, nikiwa nimepumua. Mwalimu wa fizikia na mwenzake wa historia wamegombana juu ya mahali pa kuweka ukanushi, na ugomvi wao ni mzito kuliko walivyodhani. “Siamini kuwa yupo” na “naamini kuwa hayupo” ni sentensi mbili. Ya kwanza yasema kwamba kapu langu halina embe. Ya pili yasema kwamba hakuna maembe. Shida ni kwamba Kiswahili cha kila siku hupenda kuuvuta ukanushi mbele: tukisema “sitaki uende” twamaanisha twataka usiende, na “sidhani atakuja” ni adabu ya kusema kwamba tunadhani hatakuja. Ndiyo maana mwalimu wa historia alimsikia mwenzake akisema “siamini” akadhani amesema yale yale anayoyasema yeye. Wanafalsafa nao wamevutana hapo hapo. Katika miaka ya 1970 Mwingereza Antony Flew alipendekeza neno la Kiingereza lenye asili ya Kigiriki, ambalo sisi twalifasiri mkana Mungu, lichukue maana ile pana, ya mtu ambaye hana tu imani hiyo, na wale wanaotamka kwamba Mungu hayupo wawe tawi moja la ukoo huo. Wengine wamekataa, wakishikilia kwamba jina hilo ni la mwenye kutamka tu. Ubishi huo ungaliko, na kamusi haiwezi kuwaamulia.

Ila Kiswahili chaweza kuamua mambo yake, kwa kuwa neno letu halikufuata lile la Kigiriki. Waswahili hawakusema “asiye na Mungu”. Walisema mkana Mungu, na kukana ni tendo linalohitaji kinywa. Hukani mpaka uelezwe jambo. Polisi akikusomea mashtaka, wewe hukana au hukiri. Yule aliye nyumbani kwake, ambaye hajasikia habari za kesi, hakukana wala hakukiri chochote. Kwa hiyo mtoto mchanga si mkana Mungu, ingawa mwanafalsafa Baron d'Holbach aliandika huko Ufaransa mwaka 1772 kwamba watoto wote huzaliwa hivyo. Kwa Kifaransa huenda hoja yake inasimama. Kwa Kiswahili, mtoto huyo bado hajakana hata uji.

Kuna wasioamini wanaolichukia neno hili, wakisema kwamba linawatia hatiani kabla ya kusikilizwa: Petro alimkana bwana aliyemjua vizuri, baba mhuni humkana mtoto anayefanana naye hadi masikio, na kwa hiyo mkana Mungu ni mtu anayejua ukweli akaficha. Malalamiko hayo yana nusu ya haki. Kumkana mtu, kwa -m- ile ile, hudokeza kwamba mtu huyo yupo. Lakini kukana jambo hakudokezi kitu. Mwizi hukana mashtaka, na asiyeiba hukana mashtaka, kwa maneno yale yale mbele ya hakimu yule yule. Ndani ya “mkana Mungu” hakuna kiambishi cha kutuambia ni kukana kupi, nami namwachia mshtakiwa faida ya shaka. Mwalimu wa historia amelikubali jina hilo mwenyewe, basi ni lake. Mwalimu wa fizikia amelikataa, naye ana haki, aitwe asiyeamini. Na ikiwa anaongeza kwamba jambo lenyewe haliwezi kujulikana na binadamu yeyote, basi amejiunga na Thomas Huxley, mwanabiolojia wa Kiingereza aliyechoka kuulizwa ni wa kundi gani akajibunia jina la agnosti mwaka 1869.

Nimemwacha mzee wa essabo mwisho kwa makusudi. Kati ya wote waliotajwa siku hiyo, yeye ndiye aliyeonewa zaidi, na hakuwapo kujitetea. Mzee anayemchinjia kuku lubaale, mungu wa jadi wa Waganda, akatenga pombe, akanong'ona majina ya wafu wake alfajiri, ana mashaka machache kuliko maaskofu wengi. Ukimwuliza habari za Katonda atakuambia kwamba ndiye muumba, na kwamba jina hilo Waganda walikuwa nalo kabla ya wamisionari wa kwanza wa Kiingereza kufika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1877. Wamisionari walilikuta, wakaliazima, wakalitia katika vitabu vyao. Mwite mpagani ukipenda, ukijua kwamba katika Kilatini neno hilo lilikuwa la mtu wa shamba tu, na mzee kweli ana shamba la ndizi. Lakini kumweka kapu moja na mwalimu wa historia, ambaye hana Mungu hata mmoja, ni kuhesabu wingi na sufuri kuwa namba moja.

Kosa hilo ni la kale, na naibu mkuu anaweza kujifariji kwamba ana wenzake wenye heshima. Wagiriki walimwita “asiye na miungu” mtu yeyote aliyeipuuza miungu ya mji wao, na Wakristo wa kwanza walipewa jina hilo hilo kwa kukataa kuitolea sadaka. Polikarpo, askofu wa Smirna, aliletwa uwanjani katika karne ya 2 akaamriwa aseme, “Waondolewe wasio na Mungu,” maana yake Wakristo wenzake. Askofu huyo akautazama umati wa wapagani waliokaa pale, akawapungia mkono, akasema alichoamriwa. Sijui sentensi nyingine ya lugha iliyotumika vizuri hivyo kabla ya mtu kuuawa.

Lipo na lile “hana dini”, ambalo chumba chenu cha walimu, kwa bahati, hakikulitumia, au umenificha. Kule Garuga, karibu na Entebbe, kuna kituo cha Wabudha kilichoanzishwa mwaka 2005. Watawa wake wana mavazi, maombi, saumu na subira ambayo sijaiona katika foleni ya Jinja Road, na dini yao haimhitaji muumba. Wana dini bila Mungu muumba. Na upande wa pili wapo majirani zangu wengi ambao Mungu wanaye lakini dini wameiacha mlangoni tangu harusi yao. Dini na Mungu huandamana mara nyingi, kama boda na kofia ya abiria, lakini mara ngapi umepanda boda isiyo na kofia?

Mwisho, kwa kuwa wewe ni mwalimu na utaliandika ubaoni: mkana Mungu, maneno mawili, M kubwa kwa Mungu, wingi wake wakana Mungu, kwa mtindo ule ule wa mcha Mungu na wacha Mungu. Wanaoliunganisha, mkanamungu, siwagombezi. Wanaoandika “mkanaji Mungu” nawagombeza. Na yeyote atakayeandika “asiyemwamini Mungu” chini yake kama maelezo, mkate alama mbili, moja ya sarufi na moja kwa niaba ya yule kijana wa steji, ambaye asubuhi hii amenidai shilingi elfu mbili zaidi.