Jibu: Ajenti anataka niingie Thailand kwa viza ya utalii nikafundishe Kiingereza, nikubali?

Dada, usikubali. Umesema ajenti anakuhakikishia kwamba shule itakubadilishia viza ukishafika. Viza ya utalii hairuhusu kufanya kazi, na msala ukitokea utakaokupata ni wewe, si yeye. Idai shule ikutumie barua uombe viza ya Non-B, ile ya wanaokwenda kufanya kazi, ukiwa bado nyumbani. Hata ukiipata, kibali cha kazi ni kitu kingine kabisa; mkataba useme wazi nani anakishughulikia na nani anakilipia.

Vyeti anza kuvifuatilia leo: digrii, transkripti, cheti cha tabia njema. Kwa kuwa pasipoti yako ni ya Kenya, jiandae kudaiwa pia alama za TOEIC au IELTS, mitihani ya kupima Kiingereza, hata kama umesoma kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Inauma, najua. Fanya tu mtihani.

Kazi yenyewe iko darasani. Darasa la watoto 40 ni jambo la kawaida, na ukiuliza kama wameelewa, wote wataitikia ndiyo kwa heshima. Waandikie sentensi tatu ubaoni wazijaze wawili wawili, wewe upite kati ya madawati ukisikiliza. Kitenzi cha Kithai hakibadiliki kwa wakati, kwa hiyo mtoto atakusimulia ya jana kana kwamba ni ya leo. Hapo mazoezi ya mdomo ya kila siku yanasaidia kuliko kanuni.

Muhula wa kwanza huanza katikati ya Mei. Nenda na akiba ya kodi na chakula ya miezi miwili. Kabla hujamlipa ajenti chochote, weka mkataba hapa, jina lako ukilifuta, tuusome pamoja.