Milioni moja na nusu na mbio za mlimani: mimi ningechukua ya shokapu moja

Mkuu, umeuliza hivi: una shilingi milioni moja na nusu, unataka kuingia mbio zako za kwanza za baiskeli za mlimani huku Kaskazini mwa Tanzania, kama kilomita 60 hivi, na umepata baiskeli mbili. Moja ni mtumba wa Ulaya, shokapu mbele na nyuma, tairi inchi 26. Ya pili ni mpya, shokapu ya mbele tu, tairi 29, gia tisa nyuma. Wadau wengi wamekushauri ile ya shokapu mbili kwa sababu ndiyo wanayopanda mabingwa. Mimi nimekimbia na aina zote mbili, kuanzia vumbi la Ngaramtoni mpaka West Kilimanjaro, na kwa hela hiyo naenda na ya shokapu moja bila kufikiria mara mbili.

Hiyo hoja ya mabingwa si uongo. Jaroslav Kulhavý wa Czech alichukua dhahabu ya Olimpiki ya London 2012 juu ya shokapu mbili zenye tairi za 29. Lakini aliyeshika nafasi ya pili, Nino Schurter wa Uswisi, aliachwa kwa sekunde moja tu, naye alikuwa na shokapu moja. Ni mbio hizo hizo ambazo jirani yetu Adrien Niyonshuti wa Rwanda alimaliza wa 39.

Kisha angalia nani yuko nyuma ya hao mabingwa. Paris 2024, Tom Pidcock alipata pancha katikati ya mbio akiwa mbele, akaingia sehemu ya ufundi, akabadilishiwa gurudumu, akatoka akiwa nyuma kwa zaidi ya nusu dakika na bado akachukua dhahabu. (Shaba siku hiyo ilikuja Afrika, kwa Alan Hatherly wa Afrika Kusini, wengi huku hawakuiona kabisa.) Wewe ukipata pancha kilomita ya 35 katikati ya migunga hakuna gurudumu linalokusubiri. Una mfuko wako na mikono yako. Kwa hiyo swali la kwanza kwa kila kifaa ni je, kikiharibika porini naweza kukitengeneza, na kikifa kabisa, nitakipata mjini?

Shokapu ya nyuma ya mtumba inafeli hapo hapo. Ndani ina sili za hewa na mafuta, na kwenye maungio ya fremu kuna beringi ndogo ndogo ambazo kila kampuni ina saizi zake. Fundi wa Arusha anayebadilisha beringi za habu (kitovu cha gurudumu) akiwa amefumba macho hana sili za shokapu ya mwaka 2008. Kama bado inakuvuta, nenda ukaipime. Simama pembeni yake, shika siti kwa mkono mmoja, inua taratibu kabisa huku kidole cha mkono wa pili kikigusa pale shokapu inapoungana na fremu. Ukisikia "tik" kabla gurudumu halijaachana na ardhi, bushi zimekwisha. Halafu kaa juu yake dakika tano. Ikizidi kudidimia chini yako, inavuja hewa, na hapo unanunua kilo kadhaa za chuma kisichofanya kazi.

Tairi za 26 zipo kila duka, lakini ni zile za kubebea ndizi. Tairi ya mbio yenye mpira laini wa kushika njia, saizi hiyo, utaitafuta sana. Ya 29 inapita juu ya jiwe ambalo 26 inalipiga, na kwenye mteremko wa mawe ya Meru utaisikia tofauti mikononi.

Ila hiyo mpya usiinunue kabla hujachungulia nyuma. Baiskeli nyingi za bei ya chini gia zake za nyuma ni friwili, inayofungwa kwa nyuzi kama skrubu, siyo kaseti inayovaa kwenye habu. Kwenye friwili, beringi ya upande wa gia iko ndani mbali na fremu, kwa hiyo ekseli inabaki bila egemeo. Ukitua vibaya mara chache inapinda au inakatika. Muulize muuzaji wazi: ni kaseti au friwili? Akikwepa swali, zungusha pedali kinyume na uangalie. Kwenye friwili, ile pete ya katikati yenye mifereji ya kifaa cha kufungulia inatulia wakati gia zinazunguka; kwenye kaseti inazunguka pamoja na gia. Kama ni kaseti ya gia tisa, safi kabisa. Wengi watakwambia bila gia 12 huendi popote. Za 12 ni nzuri, sipingi, lakini kaseti ya Shimano Deore ya meno 10 mpaka 51 inataka habu ya aina yake peke yake, na cheni yake ikikatika Ijumaa jioni hutaipata mjini. Gia tisa zipo. Mbele weka sahani ya meno 30, nyuma gia kubwa iwe ya meno 42, utapanda vizuri. Kupanda kwa kuzungusha haraka ndiko kunakookoa magoti.

Breki ndipo watu wanapopoteza mbio kwa uzembe wa mtu mwingine. Shimano wanatumia mafuta ya madini. Breki nyingi za SRAM, kampuni nyingine, zinatumia DOT, yale yale ya breki za gari. Sasa kila duka la vipuri vya magari hapa lina DOT 4, na fundi ambaye hajasoma akiona breki imelegea anamimina hiyo hiyo. Ukiitia kwenye Shimano, sili zinavimba, lever inakuwa kama sponji, na hakuna namna ya kuosha ikarudi. Jamaa yangu alifanyiwa hivyo wiki ya mbio, akaishia kutembeza baiskeli mteremko mzima. Kama baiskeli yako ina breki za Shimano, agiza kichupa cha mafuta yake mapema na ukiweke nyumbani. Kama ina diski za waya, usione aibu. Waya unapatikana mpaka Usa River, na kwa mbio ya kwanza zinatosha ukizikaza vizuri.

Sasa tairi, na hapa ndipo ningeweka hela kuliko kitu chochote. Bakiza laki tatu, usimalize zote kwenye baiskeli. Nunua tairi mbili za upana wa 2.25 au 2.35 na uziendeshe bila tyubu, na dawa ya kuziba ndani. Mwiba wa mgunga ukiingia, dawa inatoka povu kidogo, inaganda, wewe unaendelea. Kwa joto letu dawa inakauka upesi kuliko inavyoandikwa kwenye chupa, kwa hiyo fungua valvu kila baada ya muda, ingiza waya mwembamba, uone kama unatoka na unyevu. Kama rimu zako hazikubali mfumo huo, tia dawa ndani ya tyubu, ni afadhali kuliko mikono mitupu. Na ununue kile kidude cha shaba cha kugeuza valvu nyembamba ipokee pampu ya kawaida, maana pampu za vijiweni ni za valvu ya gari.

Upepo usimwachie fundi. Akiona tairi inabonyea anajaza mpaka psi 50, halafu unaruka juu ya kila changarawe kama mpira wa kitenesi. Kwa mtu wa kilo 70, bila tyubu, mimi naweka 22 mbele na 24 nyuma. Ukiwa na tyubu panda mpaka 30, vinginevyo jiwe litaibana tyubu kwenye rimu na kuikata matundu mawili.

Cheni ipime kwa tepu ya seremala. Chukua pini moja, hesabu mpaka viungo kamili 12 vitimie (kipande cha ndani na cha nje pamoja ni kiungo kimoja), mpya inatoa milimita 304.8. Ikifika 306 na kidogo, badilisha, kabla haijakula kaseti nzima. Na tafadhali, hakuna oili chafu ya injini. Vumbi la huku likikutana nayo linakuwa msasa. Tafuta mafuta makavu au ya nta, paka, subiri, kisha futa mpaka cheni ionekane kama haijapakwa.

Mavazi sitaki kurefusha. Helmeti yenye kukubana sawasawa, glovu, miwani ya vumbi, na kaptula yenye pedi ambayo haivaliwi na chupi ndani (ndiyo, umesoma vizuri). Viatu vya kufunga kwenye pedali viache kwanza. Pedali pana zenye pini ndogo za kushika soli na raba ya soli ngumu vinakufikisha.

Mfukoni: tyubu moja, pampu ndogo, kiungo cha haraka cha cheni, kifaa cha kukata cheni, plagi za kuziba tairi, funguo za alen. Na kitu ambacho hakuna aliyekitaja: hanga ya derela, kile kipande kidogo cha alumini kinachoishika derela (kifaa cha nyuma kinachohamisha cheni kwenye gia) kwenye fremu. Kimetengenezwa kiwe laini kusudi kipinde chenyewe, fremu ipone, na kila fremu ina umbo lake. Kiagize siku hiyo hiyo unayolipia baiskeli, viwili, kwa jina na mwaka wa toleo la fremu. Ukipata toleo hilo, liweke hapa na picha ya upande wa gia, tulione kabla hujatuma hela.