Chai ya Rangi Inatosha

Nimeona pilau ikiua jumuiya, zile familia jirani za Kikatoliki zinazosali pamoja kila Jumamosi, kila nyumba ikikaribisha kwa zamu. Nasema hivi kama mtu aliyeshika daftari la zamu kwa muda mrefu hapa Dodoma, katika mtaa ambao tangu Serikali ianze kuhamia mwaka 2016 umechanganya mtumishi wa Mji wa Serikali wa Mtumba, mama muuza mboga wa soko la Sabasaba na mzee Mgogo aliyekuwapo kabla viwanja havijapimwa.

Katibu huona mambo ambayo mwenyekiti hayaoni. Familia haikosi Jumamosi hata moja, lakini zamu yao ikikaribia wanapotea. Mara mtoto anaumwa, mara kuna safari ya Kondoa. Zamu ikihamia kwa jirani, hao wamerudi na rozari zao. Usiwahukumu haraka. Uliza kwanza nyumba iliyotangulia ilipika nini.

Kwetu ilianza kwa wema. Ndugu mmoja mwenye mshahara mzuri alitukaribisha kwa pilau ya nyama, na soda kila mtu. Tukala, tukashiba, tukamwombea baraka. Mwenyeji aliyefuata akaongeza kuku. Baada yake ilikuwa zamu ya mama mjane anayeishi chumba kimoja, alikopa. Hakusema, lakini mtaani nani asiyejua fulani kakopa wapi? Paulo aliwagombeza Wakorintho kwa jambo hilihili: huyu ana njaa, yule amelewa, na asiye na kitu anaaibishwa mbele ya kanisa.

Kilichotusaidia ni kuweka kikomo. Kubalianeni kikaoni na iandikwe: chai ya rangi na kitafunwa kimoja tu, iwe karanga, viazi vitamu, mihogo, au zabibu zikiwa msimu. Anayetaka kuzidisha akataliwe. Hapo ndipo pagumu, maana wenye nacho huona wamenyimwa baraka. Mmoja aliniuliza, "Katibu, sasa hata ukarimu unawekewa sheria?" Nikamwambia nyama ile aipeleke kwa mgonjwa, tena asitangaze. Na zamu ya kwanza baada ya makubaliano mpeni yeye, au mwenyekiti. Chai na karanga zikianzia kwenye nyumba yenye geti, wa nyumba ya udongo anapumua.

Halafu tazameni kalenda ya huku kwetu. Msimu wa mvua ni mmoja, takriban Desemba hadi Aprili. Januari na Februari watu wako shambani, akiba ya mavuno yaliyopita inakaribia kwisha, na bei ya nafaka sokoni imepanda. Kwaresima nayo huanza Februari au Machi, kabla ya mavuno. Kipindi hicho sisi hata kitafunwa tunaacha. Tunasali, tunakunywa chai, tunaagana. Karamu tunaisogeza Juni au Julai, uwele na mtama vikishavunwa. Siku hiyo huyu analeta unga, yule mlenda, wenye ng'ombe wanaleta maziwa mgando, na tunapika pamoja uani kwa mtu mmoja. Kitu kikishaingia sufuriani hakuna anayejua nani kaleta kingi. (Waliotoka Pwani wakikunja pua kwa mlenda, wapewe maharage. Hatulazimishani.)

Vikombe nunueni vya jumuiya, pamoja na chupa za chai na ndoo ya kunawia yenye koki, vikae kwa katibu au mtunza hazina. Kuna watu wanaogopa zamu kwa sababu ya vikombe tu. Siku za mgao wa maji, mwenye kisima apeleke dumu mapema kwa mwenyeji.

Mgeni aliyehamia mtaani karibuni asikalishwe pembeni kwenye kiti cha plastiki akihudumiwa kama mkaguzi. Mpeni chupa ya chai agawe. Akimaliza kuzunguka ameshasalimiana na kila mtu, kuliko kule kumsimamisha ajitambulishe huku jasho linamtoka.

Kikomo hiki hakigusi msiba. Msibani peleka unga, maharage, mafuta na kuni, na uende na nguvu za kuchota maji. Usimsubiri mfiwa akwambie kimepungua nini. Ingia jikoni uangalie mwenyewe. Na baada ya mazishi, wageni wa mbali wakishaondoka, jumuiya irudi tena na chakula, maana ndipo nyumba inapobaki na masufuria matupu na madeni ya dukani.