Maswali na majibu: Wageni wa Sabaki

Ami, watalii wanasema wamekuja mlangoni mwa mto Sabaki kuona ndege wa majira ya baridi. Baridi gani, na Januari sisi tunalala barazani kwa joto? (Msomaji, Mambrui)

Baridi si yetu, ni ya huko kwao. Yule kitwitwi mwenye mdomo uliopinda kidogo kwenda chini, anayedonoa tope kama cherehani, huzaliwa rasi ya Taimyr, Siberia. Desemba huko jua halichomozi na ardhi ni barafu tupu. Sisi huku mto unamwaga tope lililojaa minyoo na vijikaa. Mwenye gramu 60 za mwili angekaa kwao kula nini? Tena usidhani wanaletwa na kaskazi kama majahazi ya zamani. Wazazi wengine hutua Agosti, kusi bado inavuma.

Kaskazi hii nimewaona wachache kuliko iliyopita. Ndiyo mabadiliko ya tabianchi hayo? (Mvuvi, Malindi)

Huenda, ila kaskazi moja haitoshi kuwa shahidi. Wataalamu wanapotaja tabianchi huangalia hesabu za miaka 30 hivi, na wewe una miwili.

Anza na mto wenyewe. Sabaki inateremka toka bara, na kukinyesha sana juu huko, mlango wake unahama: fungu hili linamezwa, jingine linaota. Mwisho wa 2023, El Niño ilipokutana na joto la bahari upande wetu, mvua zilikuwa za kutisha. Tope likifunikwa na maji, ndege hawakai kungoja. Nenda hori ya Mida, pengine utawakuta huko.

Sababu ya pili inachekesha: panya. Tundra, yaani ile nyika ya Aktiki isiyo na miti, ina vipanya viitwavyo lemingi, ambavyo mwaka huu hujaa tele, mwaka ujao havionekani. Vikiwa vingi, mbweha wa Aktiki hushiba na vifaranga vya kitwitwi hupona. Vikiadimika, mbweha huwageukia ndege. Kwa hiyo uchache unaouona huku unaweza kuwa ni habari ya panya wa Siberia.

Tabianchi nayo imo, na hapo mimi sina utani. Aktiki inapata joto haraka kuliko sehemu nyingine za dunia. Theluji ikiyeyuka mapema, wadudu nao hutoka mapema, na vifaranga wakianguliwa wanakuta karamu imekwisha. Mwaka 2016 watafiti walieleza habari za jamaa mmoja wa hawa vitwitwi, anayetoka Taimyr kwenda Mauritania. Miaka ya joto, vifaranga wake hukua wadogo, midomo mifupi. Wakifika Afrika hawazifikii kombe zilizozama mchangani, na wengi hufa. Kifo kinaonekana pwani ya Afrika, chanzo kiko kwao.

Basi nunua daftari. Hesabu pale pale, bamvua (maji makuu ya mwezi mpya au mpevu) ile ile ya kila mwezi, na uandike hata siku uliyoambulia patupu.

Sina darubini. Nitaona nini? (Mwanafunzi, Malindi)

Utaona vingi ukijua maji. Wakati wa bamvua, maji hujaa saa kumi hivi alasiri. Fika saa nane, kaa chini, nyamaza. Maji yakipanda yanawasukuma ndege kuja kwako. Na kwa kuwa bahari yetu iko mashariki, saa hizo jua liko mgongoni mwako nawe unaona rangi vizuri. Asubuhi utaona vivuli tu.

Mbona Julai bado wapo wachache? Ni wagonjwa? (Bi mkubwa wa Mambrui)

La, Bi mkubwa, wengi ni vijana. Aliyezaliwa mwaka jana hana mke wala kiota cha kukimbilia Siberia, basi anakaa kwetu kusi nzima. Halafu wakati huo huo kuna wageni wa upande wa pili: ndege wa kahawia, mabawa marefu, anayewinda wadudu hewani kama mbayuwayu. Huyo anatoka Madagaska. Anaikimbia baridi ya kusini, ambayo watu huisahau kama nayo ni baridi.

Vijana wamenasa kitwitwi mwenye pete mguuni. Tufanye nini? (Msomaji, Mida)

Akiwa hai, pete msiivue. Pigeni picha herufi na namba zote kwa kuzungusha pete taratibu, andikeni tarehe na mahali, kisha mwachieni. Akiwa amekufa, ivueni pete mwitunze. Habari zipelekeni Makumbusho ya Taifa, Nairobi, kitengo cha ndege. Mkisoma MOSKWA, ujue alivishwa na Warusi, na huko kuna mtu mwenye daftari anayetaka kujua alifika wapi.