Jibu kwa dada wa Faza: presha ya mapafu kwa mtoto mchanga

Dada wa Faza, kisiwani Pate, umeuliza: mtoto wa wifi yako alizaliwa akageuka buluu, mkaambiwa ni presha ya mapafu, na wewe sasa una mimba ya miezi minane. Je, nawe yatakufika? Mimi ni mkunga hapa Amu, yaani mji wa Lamu, na miaka mingi nimekaa wodi ya vichanga.

Kwanza toa hofu ya ukoo. Wifi si damu yako, na hata angekuwa dadako wa tumbo moja, maradhi haya aghalabu hayarithiwi. Wanaosema ni jicho, au ni pweza uliyekula, waache na pweza wao. Huwapata watoto kama 2 katika kila 1,000.

Mtoto akiwa tumboni hapumui kwa mapafu, oksijeni humjia kwa kondo. Mishipa ya mapafu imejibana, na damu nyingi hupitia tundu la moyoni na kimshipa kinachounganisha mishipa mikubwa miwili. Akizaliwa akalia, mishipa ya mapafu hulegea. Kwa hawa hailegei, na damu isiyo na oksijeni inazidi kupita njia ile ile ya tumboni. Ndiyo sababu tunaweka kibanio cha kupimia oksijeni mkono wa kulia, unaopata damu kabla ya kimshipa kile, na kingine mguuni, unaopata damu baada yake. Nimeona mkono unasoma asilimia 95 na mguu 80, mtoto mmoja, dakika moja. Hapo huwa sisubiri daktari amalize chai yake.

Wengi niliowapokea walikuwa wamekunywa maji machafu: mtoto amejisaidia tumboni, akayavuta mapafuni. Hilo huzidi mimba ikipita siku zake. Wengine walichoshwa na uchungu mrefu wakazaliwa hawalii. Wengine ni maambukizi, hasa chupa ikipasuka mapema na mama akapata homa. Sukari ya mama, unene uliopindukia na pumu vimo pia, na upasuaji wa kupangwa kabla ya wiki ya 39, uchungu haujaanza. Baridi nayo huibana mishipa, kwa hiyo wakwe wakitaka mtoto aogeshwe saa ile ile, waambie kesho.

Sasa lililonishtua kwenye ujumbe wako: mgongo ukikuuma unanunua diklofenaki dukani. Acha leo. Diklofenaki, ibuprofeni na wenzao huweza kukibana kile kimshipa mtoto angali tumboni. Kikibanwa, damu inasukumwa kwa nguvu kwenye mapafu ambayo hayajawa tayari, na mishipa yake inakuwa minene. Hatari hiyo huanza kama wiki ya 30, na wewe umeshapita hapo. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaonya zaidi, kwamba ziepukwe tangu wiki ya 20, kwa ajili ya figo za mtoto na maji ya uzazi. Meza parasetamoli, na umwambie mkunga wako umetumia nini na kwa muda gani. Ila aspirini ya kiwango kidogo uliyoandikiwa na daktari kwa ajili ya presha ya mimba, hiyo usiiache mpaka akwambie mwenyewe.

Kuna wanaosema kwamba dawa za msongo wa mawazo ndizo huleta haya. Zinaongeza kidogo, kutoka kama watoto 2 hadi 3 hivi katika kila 1,000. Mama kuziacha ghafla kunaweza kuleta balaa kubwa kuliko hilo.

Matibabu ni oksijeni, joto na mashine ya kupumulia. Kuna gesi maalumu ya kulegeza mishipa, lakini hospitali nyingi hazina, kwa hiyo hutumika sildenafili. Naam, ile ile wanaume wanayonunua kwa kificho.

Kwa hiyo usijifungulie nyumbani. Kusi likichafua bahari, boti haitakungoja wala uchungu hautangoja boti. Wiki ya 38 njoo Amu ukae kwa jamaa, na ukifika wiki ya 41 hujajifungua, nenda hospitali bila kusubiri uchungu. Chupa ikipasuka na maji yakawa ya kijani, ondoka saa hiyo hiyo. Sukari hukusema kama umepimwa. Kama bado, nenda kliniki kesho asubuhi.