Mnaotaka kuanzisha raga shule za bweni huku kwetu, anzeni na shimo la mchanga

Juzi kijana mmoja niliyemfundisha zamani, siku hizi na yeye ni mwalimu shule ya bweni ya kanisa huku huku kanda ya kati, kanipigia simu usiku baada ya prepo: "Ticha shikamoo, nataka nianzishe raga hapa kwetu, nianzie wapi?" Nikaanza kumuelezea, dakika zikaisha hata kwenye mpira wenyewe sijafika, basi nikaona bora niandike, na wengine mnaofikiria jambo hilo msome.

Mimi nilianzisha raga kwenye seminari ndogo moja ya wavulana mkoani Dodoma. Nilikua mwalimu wa jografia, raga nilijifunzia chuo nikiwa Dar, na nilivyopangiwa kule nikakuta soka, wavu na kikapu basi. Nilikaa pale miaka sita. Nazungumzia ile miwili ya kwanza tu, maana hiyo ndio mchezo unaota mizizi au unakufa.

Mwaka wa kwanza nilikimbilia mechi. Vijana walikua na mbio jamani, watoto wa Kondoa na Mpwapwa wamezoea kukimbiza mifugo, ukiwapa mpira wanapotea. Nikawafundisha kupasia nyuma, kwamba mbele hairuhusiwi kupasia kwa mkono, nikawafundisha kuweka trai, yaani kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli la wapinzani, na kwamba ni pointi 5 na ukiongeza teke la kupitisha mpira juu ya mtambaa wa goli ni 2 zaidi, wiki sita hivi, afu mwezi wa nane nikaalika timu ya vijana toka mjini tucheze bonanza. Sasa mwezi wa nane Dodoma mnaujua. Mvua ya mwisho ilikua Aprili, uwanja mwekundu mgumu kama sakafu ya bwalo, upepo unasukuma vumbi toka goli hadi goli. Mechi haijafika hata dakika kumi kijana wa kidato cha pili kapokea mpira pembeni, kakabwa ubavuni, akaanguka huku kanyoosha mkono ajizuie. Nilikua mita kama tano toka pale na mlio wa mfupa niliusikia. Ulikua mtulinga.

Mama yake alifika siku ya tatu, katoka kwao na basi la alfajiri. Nikamkuta kakaa chini ya mwarobaini karibu na ofisi ya Baba Gombera, padre mkuu wa seminari, kitenge kimejaa vumbi, mkoba kaupakata. Nikamwambia shikamoo mama, akaitikia marahaba baba. Hakunigombeza, angenigombeza ningeona afadhali. Akaniuliza taratibu tu:

"Mwalimu, huu mchezo si wa kuangushana?"

Nikasema ndio mama.

"Sasa mlimfundisha kuanguka?"

Sikua na jibu. Nilimfundisha kukimbia, kupasia, kukwepa, ila kuanguka sikumfundisha hata siku moja, wakati kwenye raga ndio kitu pekee ambacho kila mchezaji ana uhakika wa kukifanya kila mechi. Yeye Baba Gombera akasimamisha raga mpaka mwaka unaofuata na alikua na haki kabisa. Ile miezi minne ya kukaa bila mchezo ndio iliyonifundisha, na karibu kila ninachoandika hapa kimetoka kwenye swali la yule mama.

Kwahiyo kabla hujatafuta jezi, kabla ya milingoti, chimbeni shimo. Sisi tulichimba la mita 4 kwa 6, kina cha magoti, kwenye saa za kazi za mikono, viranja wakagawa mabweni kwa zamu. Chini tukamwaga pumba za mpunga toka Bahi, unapewa karibu bure mashineni, juu mchanga wa korongoni. Huku mchanga haununuliwi, makorongo yetu yamekauka miezi nane, ni mkokoteni na nguvu za vijana. Mkishamaliza, wiki tatu nzima mpira usionekane. Wanaanguka tu. Anapiga magoti anaanguka, kisha anachuchumaa anaanguka, kisha anasimama, kisha anatembea, mwisho ndio anakimbia. Kidevu kifuani, mikono imekumbatia kitu kifuani kama kabeba mtoto, anatua na paja, nyonga, halafu bega, kwa mfuatano huo, anabiringika. Mkono haunyooshwi kamwe. Watalalamika sana wiki ya kwanza, watakuuliza ticha mpira lini, we kaza tu. Utajua wameiva siku utakapomuona mmoja kateleza kwenye ngazi za bwalo na sahani yake ya makande, akabiringika na kusimama bila kufikiria. Mimi hiyo nimeishuhudia, makande yalimwagika yote ila kijana hakuchubuka hata kiwiko.

La pili ni kalenda na hapa naongea kama mwalimu wa jografia. Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, Desemba mpaka Aprili, na jumla yake ni kidogo, milimita 500 na kitu hadi 600 mwaka wa kawaida. Hiyo miezi ndio ardhi inakubali mwili wa mtoto. Bahati nzuri shule zinafungua Januari, kwahiyo mafunzo yote ya kukaba na kuangushana yapeleke muhula wa kwanza. Kuanzia Mei ardhi ikishakaza hamia kwenye raga ya kugusa, yaani ukimgusa mwenye mpira kwa mikono miwili inatosha, anauachia. Msidhani hiyo ni raga ya watoto wadogo, inajenga macho, pasi na pumzi kuliko kitu kingine chochote, na kidato cha kwanza wanacheza na kidato cha nne bila mtu kuumia. Watu wanaiga kalenda ya Nairobi au ya Ulaya wakati nyasi zao sio zetu.

Kukaba sasa. Nilihangaika sana kuwaelezea, bega hapa, kichwa pale, hawaelewi, wengi wanaruka shingoni kama kwenye sinema. Siku moja kijana mmoja wa Kongwa, mtulivu, hata timu hakua, kaja kutazama na nikamwambia jaribu. Akainama, akaingia na bega kwenye paja la mwenzake, kichwa kikabaki nyuma ya mapaja, mikono ikazunguka miguu yote miwili ikafunga, chini. Safi kabisa. Nikamuuliza umejifunzia wapi, akasema "Ndivyo tunavyokamata ndama siku ya chanjo, mwalimu." Toka siku ile sikuelezea tena kitaalamu, nikawa namwambia yeye aoneshe. Ndama hakamatwi shingoni, na kichwa huweki mbele yake maana atakupiga goti la uso. Sheria ya raga yenyewe inakataza kukaba juu ya usawa wa mabega, ila kwa wanaoanza mi niliweka kiunoni kwenda chini, anayezidisha anakaa nje. Vifaa msinunue, gunia lililojazwa pumba ya mpunga likashonwa vizuri linasimama lenyewe, linakabwa asubuhi na jioni.

Skramu ya kusukumana, ile ya timu mbili kuinama na kufungamana mabega kugombea mpira, mwaka wa kwanza achaneni nayo. Shingo ya mtoto wa miaka 14 sio ya kuchezea. Hata sheria za chini ya miaka 19 zinazuia kusukuma zaidi ya mita moja na nusu, sasa nyie mnaoanza wawekeni tu wafungamane, mpira uingie utoke, basi.

Mbigili. Mtu wa Dar hataelewa, ila mkoa huu mbigili inaweza kuua mazoezi kabisa, mtoto anaanguka vizuri kama ulivyomfundisha halafu anaamka na miba saba mgongoni. Dawa yake ni gunia la katani lililoloweshwa, watu wawili wanaliburuta uwanja mzima kabla ya mazoezi, mbigili zinang'ang'ania humo. Mkimaliza mchome zile zilizonasa, msizitupe pembeni maana mtazikuta mwakani zimezaa. Na kwa kua mifugo inapita uwanjani, ulizieni kadi za chanjo ya pepopunda mapema, dispensari ya shule au zahanati ya karibu itawasaidia, na kila mchubuko uoshwe kwa maji na sabuni kabla ya Masifu ya jioni. Sio baada.

Kichwa nakiweka peke yake maana hapa sina utani. Huku kwetu mtoto akigongwa kichwa watu wanamwagia maji ya baridi, anatikisa kichwa, anarudi ndani huku anashangiliwa. Acheni hiyo tabia. Ukimuona anayumba, anauliza kitu kile kile mara mbili, anatapika, anashika kichwa, au wewe mwenyewe una wasiwasi tu, anatoka na siku hiyo harudi. Kama alizimia hata kidogo ni hospitali moja kwa moja. Mwambie matroni au patroni wa bweni amuangalie usiku, maana shule ya bweni mzazi wake ni nyie. Na mechi hachezi mpaka zipite siku 21. Mi nilikua naandika tarehe kwenye daftari na nampa Baba Gombera nakala, ili hata mimi nikishikwa na tamaa ya ushindi kuwe na wa kunizuia.

Kuhusu mapadre, wengi mnaogopa kuwaeleza. Msiogope, nendeni na maelezo ya maana. Mimi nilimwambia Baba Gombera kwamba mapadre wa Roho Mtakatifu, shirika lile lile lililofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, walianzisha shule ya Blackrock kule Dublin, Ireland, mwaka 1860, na shule hiyo ndiyo ilibeba kombe la kwanza la raga la mashule ya Leinster, jimbo la huko huko, mwaka 1887. Na hapa jirani Uganda kuna Namilyango, ya bweni, imeanzishwa na wamisionari wa Mill Hill mwaka 1902, na raga yao inajulikana. Alikaa kimya, akasema "Kumbe ni mchezo wa nyumbani." Ila akaweka masharti: kipyenga cha mwisho saa kumi na moja na nusu, wakichelewa Masifu kesho yake hakuna mazoezi, na Ijumaa za Kwaresima ni kugusa tu maana watoto wamefunga. Nikakubali yote na nashauri mkubali, ratiba ya seminari ni ngumu lakini kijana aliyezoea kengele anafundishika haraka kuliko yeyote niliyewahi kumfundisha kwingine. Mtu wa pili wa kuelewana naye ni padre mhasibu, sio kwa ajili ya jezi, kwa ajili ya uji. Vijana wa raga waongezewe kikombe cha uji wa uwele wenye karanga saa nne, karanga Dodoma zipo, na utaona miili inavyobadilika.

Mpira mmoja unatosha kuanzia. Sisi tulikua na mmoja saizi 5 kwa vijana 34, tukashona chandimu zenye umbo la yai, matambara ndani na kamba ya katani nje, zile za mazoezi ya pasi. Milingoti pia hamuihitaji. Magoli ya soka hayafanani na ya raga, yetu milingoti yake ina upana wa mita 5.6 na mtambaa uko mita 3 juu, kwahiyo mwaka wa kwanza chezeni trai tu bila mateke, chora mstari kwa majivu ya jikoni.

Na mkifikia mechi, anzeni na ya wachezaji 7, kila kipindi dakika 7. Ndio raga iliyoingia Olimpiki mwaka 2016 kule Rio, na mwaka huo huo Kenya waliwafunga Fiji 30 kwa 7 fainali ya Singapore, vijana wangu walikua wanaiangalia kwenye simu yangu Jumapili baada ya misa mpaka chaji inakata. Saba ni rahisi kupata, nafasi ni kubwa, migongano michache, na shule ndogo inaweza kutoa timu mbili zikacheza zenyewe kwa zenyewe. Sisi baada ya lile bonanza, mechi na watu wa nje tulisubiri miezi kumi na nne. Naona ilikua sawa kabisa.

Yule kijana wa mtulinga alipona, Januari akaja anataka kurudi. Nikamwambia siwezi mpaka mama asaini. Mama alikuja siku ya wazazi, hakutaka fomu, alitaka kuona kwanza. Tukaenda shimoni, vijana kumi wakaanguka mmoja mmoja, naye mwanae wa mwisho. Akasimama pale na mkoba wake, akasema "Hebu mwambie aanguke tena." Akaanguka tena. Akasema upande ule mwingine je, ule uliovunjika. Akaanguka na ule. Ndipo akaniomba kalamu.

Kwahiyo wewe uliyenipigia, usisubiri Januari. Sasa hivi korongo ni kavu, azima mkokoteni mchote mchanga kabla mvua hazijaanza, zikianza hamtaingia kule. Na shimo likishapigwa na mvua mbili tatu mchanga unashikana unakua mgumu, mlilime na majembe kila Jumatatu.